Olaparibu yangu haiui seli za HeLa. Je, imeharibika?

"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu vizuizi vya vimeng'enya vinavyokarabati DNA. Niliweka olaparibu, dawa ya saratani ya aina hiyo, kwenye seli za HeLa, zile za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara, maikromola 1 na maikromola 10, kwa saa 48, seli 10,000 kila kisima kwenye sahani ya visima 96, kisha nikapima kwa MTT, kemikali inayobadilika rangi penye seli hai. Rangi ikatoka ileile, kana kwamba sikuweka kitu. Hata sisplatini niliyoiweka kama dawa ya kulinganishia iliua kidogo sana. Zote mbili niliziyeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO siku moja. Mwenzangu anasema unga umekufa njiani kwa joto, mwingine anasema nipandishe hadi maikromola 100. Fedha ya kuagiza upya sina. Halafu tone la ile olaparibu lilinidondokea mkononi, glavu ilikuwa imechanika, na nina hofu. La mwisho naona aibu kuliuliza: shangazi yangu, dada yake baba, anatibiwa saratani ya titi pale Ocean Road. Dawa ni hiyohiyo wanayopewa wagonjwa huko Ulaya, na mimi chupa ninayo kwenye friza. Kuna ubaya gani nikimpimia kidogo?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo ulilolionea aibu, maana hayo mengine yanaweza kusubiri. Usimpe shangazi kilichomo kwenye hiyo chupa, hata kwa kipimo kidogo, hata kwa kujaribu tu. Unga wa maabara hutengenezwa uingie kwenye sahani ya seli. Hakuna aliyethibitisha kwamba hauna mabaki ya viyeyushi, metali au sumu za bakteria kwa kiwango ambacho mwili wa mtu unakivumilia, ndiyo maana lebo yake inasema si kwa matumizi ya binadamu. Na hata ungekuwa safi kabisa, usingejua umpimie kiasi gani. Watengenezaji wa olaparibu wenyewe walianza na kapsuli, mgonjwa akimeza miligramu 400 mara mbili kwa siku. Walipohamia kwenye vidonge, kipimo kikawa miligramu 300 mara mbili kwa siku, na madaktari wakaonywa wasibadilishe kapsuli kwa kidonge miligramu kwa miligramu, kwa sababu dawa haiingii kwenye damu kwa namna moja. Hiyo ni dawa ileile ya kiwanda kilekile, umbo tu ndilo lililobadilika. Sasa wewe na mizani ya maabara mngeanzia wapi? Tena dawa hii hupunguza chembe za damu, na anayeimeza hupimwa chembe hizo kabla ya kuanza na kila mwezi baadaye. Kuhusu shangazi lipo jambo la maana unaloweza kumfanyia. Nitalifikia.

La tone ni jepesi. Tone la maikrolita 10 kutoka kwenye stoki, ule mchanganyiko mzito wa akiba, ya milimola 10 lina olaparibu isiyofika maikrogramu 50. Dozi anayomeza mgonjwa asubuhi ina mara elfu sita na zaidi ya hapo. DMSO hupenyeza vitu kwenye ngozi, hilo ni kweli, kwa hiyo glavu iliyochanika huvuliwa papo hapo na mkono huoshwa kwa maji mengi na sabuni, lakini kwa tone hilo lala usingizi wako. Kama una ujauzito au unanyonyesha, mweleze daktari wako na msimamizi wako, kisha kazi hii aifanye mwingine kwa sasa.

Tuingie maabara. Umeuliza swali moja, mimi nayaona mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza: je, kimeng'enya kimezuiwa? La pili: je, seli ya HeLa inakihitaji hicho kimeng'enya ili iishi? Dawa inaweza kuwa imefanya kazi yake sawasawa, kimeng'enya kikafungwa kabisa, na seli zisife hata kidogo. Nikitazama namba zako, sioni sababu ya kuusingizia unga.

Kimeng'enya kinachozuiwa na olaparibu ni PARP1. Kazi yake ilianza kuonekana mwaka 1963 pale Strasbourg, Ufaransa, kundi la Pierre Chambon na Paul Mandel lilipoona kiini cha seli kikijenga minyororo ya ajabu. Leo tunajua minyororo ile ni ya nini. Uzi mmoja wa DNA ukikatika, na hilo hutokea maelfu ya mara kila siku katika kila seli yako, PARP1 huwahi pale, hujishika kwenye jeraha, kisha huchukua NAD, molekuli ndogo iliyomo katika kila seli, na kujijengea minyororo mwilini mwake na kwa protini jirani. Minyororo hiyo huwaita mafundi wengine, XRCC1 akiwa mbele. Na kwa kuwa ina chaji hasi nyingi, kama ilivyo DNA yenyewe, PARP1 husukumwa ikaachia jeraha ili mafundi wapate nafasi. Olaparibu hukaa kwenye mfuko uleule ambao NAD ilipaswa kukaa, kwa kuwa kipande chake kimoja kinafanana na nikotinamidi, ambayo ni sehemu ya NAD. Mnyororo haujengwi, mafundi hawaitwi, na PARP1 inabaki imeng'ang'ania pale ilipo.

Sasa kwa nini HeLa hazijali? Wewe ni mtu wa Dar, nitakueleza kwa Kigamboni. Aliyeko Kivukoni akitaka kwenda Kigamboni hupanda pantoni. Pantoni ikisimama, atalalamika, kisha atazunguka Kurasini apite Daraja la Nyerere, na usiku atalala kwake. PARP1 ndiyo pantoni. Daraja ni ule ukarabati unaotegemea protini za BRCA1 na BRCA2, unaonakili sehemu iliyoharibika kutoka kwenye nakala pacha ya DNA bila kupoteza herufi. Seli za HeLa zina matatizo chungu nzima, virusi vya HPV aina ya 18 vimeziondolea ulinzi wa p53, protini inayozuia seli kugeuka saratani, lakini daraja hilo wanalo zima. Ukiwasimamishia pantoni, wanazunguka. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti, yakichapisha katika toleo moja la jarida la Nature, yalionesha kwamba seli zilizopoteza BRCA1 au BRCA2 hufa kwa vizuizi vya PARP kwa dozi ambazo seli nyingine hazizisikii. Hao daraja lao lilishabomoka. Ukiwanyima na pantoni, wamekwisha. Ipo njia ya tatu, ile ndefu ya kuzunguka Mbagala na Kongowe: seli huunganisha ncha za DNA hivyohivyo, herufi zikidondoka njiani, na kimeng'enya chake kinaitwa polimerasi theta. Ndiyo maana watafiti wengine sasa wanatafuta vizuizi vya hicho nacho.

Kuna kipande hapa ambacho wanafunzi wengi hukiruka. Tangu mwaka 1995 tunajua kwamba panya aliyezaliwa bila jeni ya Parp1 anaishi na kuzaa. Kama kukosa PARP1 si kifo, kwa nini kuizuia kuwe sumu kali kiasi hiki? Kwa sababu pantoni kutokuwepo ni jambo moja, na pantoni kuzimika katikati ya mlango wa bandari ni jambo jingine. Hapo hata meli hazipiti. Meli ni mashine inayonakili DNA seli inapotaka kugawanyika: ikifika ilipoganda PARP1, inakwama, na jeraha dogo la uzi mmoja linageuka kuwa mkatiko wa nyuzi zote mbili. Kundi la Yves Pommier huko Marekani lilieleza hili vizuri mwaka 2012. Kati ya dawa za familia hii, talazoparibu hugandisha PARP1 kwa nguvu sana, olaparibu kwa wastani, veliparibu kidogo mno, ingawa zote tatu huzuia ujenzi wa minyororo vizuri tu. Kwa hiyo ile namba ya nanomola chache unayoiona kwenye karatasi ya muuzaji inakuambia kimeng'enya kinazimwa kwa dozi gani ndani ya tyubu. Seli zitakufa kwa dozi gani, hilo ni swali lingine kabisa.

Ukishalielewa hilo, saa zako 48 zinaanza kuonekana fupi. Madhara yanahitaji seli inakili DNA, ikwame, ijaribu tena, ishindwe. HeLa hugawanyika takribani mara moja kwa siku. Umewapa vizazi viwili, basi. Hata seli isiyo na BRCA mara nyingi huhitaji siku 5 na kuendelea kabla hujaona tofauti ya maana. Pili, seli 10,000 kwenye kisima kidogo kama kile, baada ya saa 48 ni kama 40,000, yaani kisima kimeshajaa. Zikibanana hupunguza kugawanyika zenyewe, na dawa inayosubiri seli inakili DNA inabaki imekaa kibarazani haina kazi. Tatu, MTT haihesabu seli. Inapima uwezo wa seli kugeuza chumvi ya njano kuwa fuwele za zambarau, na seli iliyokwama bila kugawanyika bado ina uwezo huo mwingi. Chukua sahani yako uitazame kwa darubini kabla ya kumwaga MTT. Seli zilizoumizwa na kizuizi cha PARP mara nyingi huvimba, zikatandazika bapa, viini vyake vikawa vikubwa kupita kawaida, na pembeni ya kiini kikubwa ukaona vijiini vidogo kama punje. Seli ya namna hiyo haitaacha mtoto, lakini kwenye MTT inatoka zambarau iliyokolea.

Sisplatini yako ndiyo iliyonifanya nitabasamu, maana kesi hii naifahamu. Umeona dawa mbili zimegoma siku moja ukahitimisha kwamba tatizo ni moja, joto la njiani. Kweli tatizo la sisplatini lina jina, na jina lake ni DMSO. Platini inapenda salfa. Molekuli ya DMSO ina salfa, nayo hujipachika kwenye platini ikaiondoa kloridi, na kinachobaki hakiishiki DNA kama inavyotakiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha onyo kuhusu hili, baada ya kuona jinsi maabara nyingi zinavyoyeyusha sisplatini kwenye DMSO bila kufikiri. Iyeyushe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaleyale ya dripu, kwa miligramu 1 kwa mililita, uifunike isipigwe na mwanga, na usiiweke kwenye friji kwa sababu itatuama chini. Olaparibu haina tatizo hilo: DMSO ndiyo mahali pake, kwani kwenye maji haiyeyuki vizuri. Kwa hiyo hukuwa na dawa mbili zilizokufa. Ulikuwa na moja iliyouawa na kiyeyushi, na nyingine ambayo hukuipa nafasi ya kuonesha kazi yake.

Kuhusu joto la njiani, olaparibu kavu ni imara. Siku kadhaa za joto la uwanja wa ndege haziwezi kuigeuza maji matupu. Kinachoharibika mapema ni stoki iliyokwisha kuyeyushwa, na hapa hali ya hewa yetu ina mkono wake. DMSO huganda ikishuka chini ya nyuzi 18.5, hivyo kwenye meza zetu haigandi kamwe. Ukitoa chupa kwenye friza ukaifungua ingali baridi, unyevu wa Dar unajikusanya ndani yake kama jasho kwenye chupa ya soda, na DMSO hunywa maji hayo yote. Fanya hivyo mara kadhaa na olaparibu itaanza kujitenga. Acha chupa ifike joto la chumba kabla hujaigusa kifuniko. Miligramu 10 za unga, ukiziyeyusha kwenye mililita 2.3, zinakupa milimola 10. Gawa kwenye tyubu ndogondogo za matumizi ya mara moja, na umeme ukikatika usiku usifungue friza kuchungulia. Unapoiweka kwenye chakula cha seli, kiwe cha vuguvugu, na ukoroge hapo hapo. Tone la stoki likidondoka kwenye chakula cha baridi bila kukorogwa, utaona chini ya darubini visindano vyembamba vinavyong'aa kati ya seli. Hiyo ni dawa yako imekaa nje ya seli.

Maikromola 100 usizijaribu. Kwanza hesabu: kutoka stoki ya milimola 10 utakuwa umeweka DMSO asilimia 1, na hiyo peke yake inazisumbua seli, jitahidi usizidi asilimia 0.1. Pili, sehemu ya dawa haitayeyuka. Tatu, hili ndilo kubwa, familia ya PARP ina ndugu 17, na zaidi yao kuna protini nyingine nyingi za kugongwa kwa bahati mbaya. Seli zitakufa, ndiyo, na wewe hutajua zimekufa kwa nini. Kuua seli kwa kemikali si kazi ngumu, hata dawa ya kufulia inaua.

Kama unadhani nakuza mambo, tazama iniparibu. Ilipelekwa kwa wagonjwa ikiitwa kizuizi cha PARP, ikaanguka kwenye jaribio kubwa la saratani ya titi mwaka 2011, na watu wengi wakakata tamaa na familia nzima ya dawa hizi. Baadaye maabara zilipoipima ndani ya seli zikakuta haizuii PARP kwa maana yoyote. Fedha nyingi na muda wa wagonjwa vilikwenda kabla ya swali langu la kwanza kujibiwa ipasavyo. Kemikali ya SCR7 nayo ilitangazwa mwaka 2012 kuwa inazuia ligasi IV, kimeng'enya kinachounga ncha za DNA, ikauzwa kila mahali, kisha ripoti za baadaye zikaonesha si dhaifu tu bali haichagui hiyo ligasi. Hata kafeini huzuia ATM na ATR, vimeng'enya vinavyopiga mbiu DNA inapoumia, na vitabu vya zamani vimejaa majaribio yake. Lakini inahitaji milimola nzima, kiwango ambacho kwenye damu kingemuua mtu, kwa hiyo wazee wanaokunywa kahawa chungu Kariakoo wasije wakasema wanakarabatiwa au wanabomolewa.

Basi ufanye nini na fedha kidogo uliyonayo? Jibu kwanza swali la kwanza: minyororo ya PARP1 imezimwa au haijazimwa? Wape HeLa olaparibu maikromola 1 kwa saa moja, kisha haidrojeni peroksidi milimola 1 kwa dakika 10, na sahani nyingine ipate peroksidi bila olaparibu. Zivune haraka kwa bafa ya moto yenye SDS, ile sabuni kali ya maabara, kwa sababu kipo kimeng'enya kingine, PARG, kinachoila minyororo hiyo ndani ya dakika chache. Kisha tafuta minyororo kwa kingamwili yake. Ile iitwayo 10H imetumika miaka mingi. Si lazima uwe na jeli. Dondoshea sampuli kwenye utando, ukaushe, uweke kingamwili. Penye peroksidi peke yake doa litakolea, na penye olaparibu litapotea. Likipotea, unga wako ni mzima na mjadala wa joto umekwisha. Hiki ni kipimo cha siku mbili, na kingamwili kidogo unaweza kuazima kwa jirani.

Kwa swali la pili, achana na MTT, rudi kwenye makoloni. Njia hiyo waliianzisha Theodore Puck na Philip Marcus huko Colorado mwaka 1955, kwa seli hizihizi za HeLa. Panda seli 300 hadi 500 kwenye kila kisima cha sahani ya visima 6, weka dawa kesho yake, ziache siku 10 hadi 12, zipake kristali vayoleti, hesabu kila koloni lenye seli 50 au zaidi. Ni rahisi, haitaki mashine, inataka uvumilivu na inkubeta isiyoyumba. Weka sahani isiyo na dawa kwenye rafu ileile, ili joto likicheza lizichezee zote.

Hata hivyo HeLa peke yake haitakupa hadithi, kwa sababu daraja lipo. Hapa una njia kadhaa na hakuna iliyo kamili. Iliyo safi zaidi ni kutumia seli pacha zinazotofautiana kwa BRCA tu, UWB1.289 za saratani ya ovari zisizo na BRCA1, na dada zake waliorudishiwa BRCA1, ndizo ningezichagua mimi. Kasoro yake ni bei, na kusafirisha seli hai hadi hapa kunataka barafu kavu na vibali. Ya pili ni kunyamazisha BRCA2 ndani ya HeLa zako kwa siRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni. Ni nafuu, lakini unyamazishaji hauwi kamili na huisha baada ya siku chache, wakati makoloni yanahitaji karibu wiki mbili. Ya tatu ni kuongeza majeraha badala ya kubomoa daraja: dozi ndogo ya MMS au temozolomaidi, kemikali zinazojeruhi DNA, ambayo peke yake inapunguza makoloni kidogo tu, ukiichanganya na olaparibu huua hata seli zenye BRCA nzima. Hiki ni kithibitisho kizuri kwamba dawa inafanya kazi ndani ya seli, ila hakikuambii lolote kuhusu BRCA. Na MMS si ya kuchezea. Inabadili DNA yako kama inavyobadili ya HeLa. Ifungulie ndani ya kabati la kunyonya mvuke, ukiwa na mtu aliyeizoea, glavu mbili, na kamwe usibaki nayo peke yako jioni. Tone la hiyo likikugusa, hesabu niliyokupigia juu haikuhusu, nenda kliniki.

Ya nne ndiyo niipendayo kwa maabara zetu. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walionesha kwamba joto la wastani, kati ya nyuzi 41 na 42.5, hufanya seli iivunjevunje BRCA2 yake yenyewe kwa muda, na katika muda huo vizuizi vya PARP vinaiuma. Unahitaji beseni la maji linaloshika joto bila kupepesuka, kipimajoto unachokiamini, na sahani iliyofungwa vizuri isiingie maji. Kundi moja bila chochote, moja joto tu, moja olaparibu tu, moja vyote viwili. Matokeo hayatakuwa ya kutisha, lakini yakitoka yatakuwa na maana, na gharama yake ni umeme.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Chukua sahani, daftari na picha za darubini umfuate mtu aliyewahi kukuza makoloni, Muhimbili au Mlimani wapo, akuone ukipipeti. Makosa mengi ya namna hii yako mkononi, hayaonekani kwenye takwimu. Na HeLa zako zipimwe maikoplazima kabla hujaanza upya, maana vijidudu hivyo havionekani kwa darubini ya kawaida na huvuruga MTT kimyakimya.

Sasa shangazi. Umeshaelewa kwa nini olaparibu haiui HeLa, kwa hiyo umeshaelewa pia kwa nini si kila mwenye saratani ya titi inamfaa. Ilipokubaliwa Marekani kwa saratani ya titi mwaka 2018, ilikuwa kwa wale waliorithi hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, ambao uvimbe wao hauna HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za titi zikue) na ulikuwa umesambaa. Asiye na hitilafu hiyo, uvimbe wake una daraja, na huenda akabaki na upungufu wa damu tu. Kwa hiyo huna hakika hata kidogo kwamba kuna kitu shangazi anakikosa. Nendeni kliniki mkamwulize daktari wake mambo matatu: majibu ya vipokezi vya homoni na HER2 ya uvimbe wake yalisemaje, historia ya ukoo inatosha kumpima BRCA, na kama ana hitilafu hiyo, tiba ibadilike vipi. Msidhani jibu ni olaparibu au basi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa wenye saratani ya titi iliyosambaa na hitilafu ya kurithi ya BRCA waliitikia kaboplatini kwa asilimia 68, dhidi ya asilimia 33 kwa doketakseli, dawa nyingine ya saratani. Kaboplatini ni ndugu wa hiyo sisplatini yako, dawa ya zamani, na inagonga udhaifu uleule.

Watu wengi hudhani saratani ya titi ikitoka upande wa baba haihesabiki. Inahesabika. BRCA hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama, na kama shangazi amerithi hitilafu, kuna uwezekano wa nusu kwamba baba yako anayo, na kama anayo, nusu tena kwako na kwa kila ndugu yako wa kwa baba. Ndiyo maana daktari atauliza nani katika ukoo aliugua titi, ovari, kongosho au tezi dume, na akiwa na umri gani. Mwombe baba afuatane na shangazi siku hiyo. Maswali hayo atayajibu yeye vizuri kuliko wewe.